Chikungunya: neno la Wamakonde kwenye vitabu vya tiba

Kati ya mwaka 1952 na 1953, homa ya ajabu ilienea katika vijiji vya Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Mtu aliamka mzima, akashika jembe, na kabla jua halijatua alikuwa hawezi kusimama. Homa ilipanda ghafla. Maumivu yalishika vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vidole, tena pande zote mbili kwa pamoja, hata mgonjwa akajikunja na kubaki hivyo, mgongo umeinama, mikono imevutwa kifuani. Wengi walipata vipele. Homa ilishuka baada ya siku chache, lakini viungo havikurudi upesi. Kuna waliotembea wameinama kwa wiki kadhaa, na kuna walioendelea kuumwa kwa miezi.

Daktari Marion Robinson aliyewaona wagonjwa hao aliandika dalili zao katika jarida la tiba ya nchi za joto mwaka 1955. Katika toleo hilohilo W. H. R. Lumsden, mtafiti kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alieleza jinsi ugonjwa ulivyosambaa. Mwaka uliofuata mwenzake, R. W. Ross, alichapisha habari za kirusi chenyewe, kilichopatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu waliokamatwa wakati wa mlipuko. Ugonjwa haukuwa umeandikwa popote kwa jina la kisayansi, lakini jina ulikuwa nalo tayari. Wamakonde waliuita chikungunya, na watafiti wakalichukua kama lilivyo.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulifungua neno hili bila msaada mkubwa. Kiambishi chi- cha Kimakonde ndicho ki- chetu, ndiyo maana wenyewe lugha yao huiita Chimakonde. Shina linatokana na kitenzi kungunyala, ambacho Lumsden alikieleza kuwa ni kukauka na kujikunja, kama jani lililoachwa juani. Chikungunya basi ni kitu kinachomkunja mtu. Halimtaji mdudu, halitaji mahali, halitaji mungu wala laana. Linataja kile ambacho ndugu wa mgonjwa alikiona kwa macho yake alipoingia chumbani asubuhi.

Mimi naliona jina hilo kuwa kazi ya kitabibu iliyokamilika. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kumtazama mgonjwa kabla ya kumgusa: amelala vipi, amekaa vipi, anatembea vipi. Wamakonde walifanya hivyo, wakaiteua dalili moja kati ya nyingi. Homa waliijua, kwa kuwa malaria ilikuwa nao siku zote. Vipele walivijua. Kuumwa kichwa ni kwa kila mtu. Walichokiteua ni mkao wa mwili, na hadi leo maumivu makali ya viungo ndiyo dalili ambayo daktari huitegemea zaidi anapotaka kuitenga chikungunya na homa nyingine. Maabara ya Entebbe ilithibitisha kwamba kuna kirusi. Lakini kwamba huu ni ugonjwa wa pekee, usiofanana na homa zilizozoeleka, wanakijiji walikuwa wamekwisha kulisema kwa neno moja.

Uzito wa jambo hilo unaonekana zaidi ukitazama majina mengine yaliyotoka katika taasisi ileile. Mwaka 1937 kirusi kilichopatikana kaskazini mwa Uganda kilipewa jina la wilaya ya West Nile. Mwaka 1942 kikaja cha msitu wa Semliki, mwaka 1943 cha Bunyamwera, na mwaka 1947 cha msitu wa Zika, karibu kabisa na Entebbe. Ulikuwa utaratibu wa kawaida: sampuli ilipotoka, jina likatoka hapohapo. Kwa utaratibu huo ugonjwa wa Newala ungeitwa homa ya Newala, na Ross mwenyewe aliyaita maandishi yake habari za mlipuko wa Newala. Watu wa wilaya hiyo wangebeba jina hilo kila ugonjwa ulipotajwa duniani, kama wakazi wa eneo la mto Ebola, kule Kongo, wanavyolibeba la kwao tangu 1976. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, watu wala wanyama, bali yaelezwe kwa dalili na tabia zake. Wamakonde walikuwa wamefanya hivyo zaidi ya miaka 60 kabla.

Kwa nini Newala, na si bondeni kwenye mbu wengi? Jibu lilikuwa ndani ya nyumba. Uwanda wa Wamakonde una udongo unaonyonya maji ya mvua mara moja, hivyo juu kule hakuna mito wala mabwawa ya kutegemea. Wanawake waliteremka makorongo marefu kutafuta maji, wakapanda nayo kichwani, na maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayamwagwi ovyo. Yalihifadhiwa kwenye mitungi ndani ya nyumba siku baada ya siku. Mbu aina ya Aedes aegypti hapendi dimbwi la matope. Hupenda maji matulivu na safi kiasi, yaliyo kivulini, karibu na watu. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yanapoyafikia tena. Ukiumwaga mtungi bila kuusugua, mayai yamebaki.

Mbu huyu pia huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati chandarua kimekunjwa. Kwa jamii iliyofundishwa kwa miaka mingi kuogopa mbu wa usiku na madimbwi ya mvua, huyu ni adui anayepita mlango ambao haulindwi.

Mwaka 2004 jambo lilelile lilitokea Lamu. Ukame ulikuwa umebana pwani ya Kenya, watu wakahifadhi maji majumbani, na chikungunya ikaingia kisiwani. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka Lamu ikaonekana Mombasa, mwaka 2005 ikawa Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako katika mwaka 2005 na 2006 iliugusa mwili wa karibu mtu mmoja kati ya kila watatu. Huko Réunion kirusi kilikuwa kimebadilika kidogo, badiliko moja tu katika protini ya ganda lake, na badiliko hilo likakiwezesha kustawi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, anayestahimili baridi. India ilihesabu wagonjwa walioshukiwa zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2006. Mwaka 2007 vijiji viwili jirani kaskazini mwa Italia vilipata mlipuko wao. Mwishoni mwa 2013 ugonjwa ukafika kisiwa cha Saint Martin katika Karibi, na katika muda wa mwaka mmoja watu zaidi ya milioni moja wa mabara ya Amerika walishukiwa kuugua. Wote hao walijifunza kutamka neno la Kimakonde.

Na hapa ndipo penye kosa ambalo limenikera kwa muda mrefu. Fungua makala nyingi za kitabibu zilizoandikwa baada ya miaka ya 1950, na utaambiwa kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Lumsden hakusema hivyo. Alitaja Kimakonde waziwazi. Walionakili baada yake ndio walioona Tanganyika, wakaona neno la Kibantu, wakaandika Kiswahili. Kosa likanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Sisi wasemaji wa Kiswahili ndio tunaoweza kulisahihisha kwa urahisi zaidi, kwa sababu tunajua kwamba neno hili halimo midomoni mwetu. Muulize mtu wa Tanga au wa Unguja kitenzi kungunyala; hakijui. Tuna kunja, tuna kunyata, tuna kunyanzi, na masikio yanaweza kuhisi mfanano fulani, lakini kufanana kwa sauti hakumpi mtu haki ya kudai neno la jirani. Lugha kubwa ikipewa sifa ya lugha ndogo na ikanyamaza, Wamakonde wanapoteza kitu walichokitoa wenyewe kwa elimu ya dunia.

Kiswahili, kwa kweli, kina neno lake, na historia yake inashangaza kuliko ya lile la kwanza. Neno hilo ni kidingapopo. Kamusi zetu zinalitafsiri kuwa homa ya dengue, na wakati wa milipuko ya dengue ya Dar es Salaam baadhi ya waandishi walilitoa kwenye kamusi na kulirudisha katika matumizi. Mwaka 2019 mlipuko ulipovuka wagonjwa 6,000 nchini, wapo waliolisikia kwa mara ya kwanza.

Lakini neno lenyewe ni la zamani. Mwaka 1870 Zanzibar ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye janga kubwa la kipindupindu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini humo, akaona homa nyingine ikizagaa: inaanza ghafla, inafunga viungo, inaacha vipele, haiui, lakini inamwacha mtu na maumivu ya muda mrefu. Wazee wa mji hawakushangaa. Walimwambia kwamba waliwahi kuiona, karibu nusu karne nyuma, na kwamba inaitwa kidinga pepo. Christie aliandika maelezo yake mwaka 1872 katika jarida la madaktari la Uingereza, akaliweka jina hilo kwenye kichwa cha habari. Alivyolielewa yeye, dinga ni kukamatwa ghafla na mkazo wa mwili, na pepo ni pepo tuliyemzoea. Pepo ndiye aliyekuja kuwa popo katika kamusi, au pengine yalitamkwa yote mawili tangu zamani.

Miaka kadhaa baadaye Christie alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1827 na 1828 visiwa vya Karibi vilipigwa na homa inayofanana na hiyo. Katika visiwa vya wasemaji wa Kiingereza watu waliiita dandy, kwa kumfananisha mgonjwa aliyekakamaa na kijana mtanashati anayetembea kwa madaha. Kuba, kwa Kihispania, ikaitwa dengue. Christie alisema chanzo cha majina yote mawili ni kidinga: ugonjwa ulivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki, nao walikwenda na jina lake. Wahispania walisikia dinga, wakaligeuza kuwa dengue, neno walilokuwa nalo tayari lenye maana ya kujidekeza na kujivunga. Maelezo hayo yameingia katika kamusi nyingi za dunia, na Mswahili yeyote anayeyasoma hufurahi.

Nami ningependa yawe kweli yote, lakini ushahidi una shimo. Mtafiti mmoja wa historia ya magonjwa alionyesha mwaka 1998 kwamba katika barua ya mwaka 1801 malkia María Luisa wa Hispania, akieleza maradhi yake, alisema ndiyo yale ambayo watu wanayaita dengue. Hiyo ni zaidi ya miaka 25 kabla ya Kuba. Kama neno lilikuwa linatajwa Hispania kwa maana ya maradhi wakati huo, halikuhitaji kusubiri jahazi kutoka Zanzibar. Kwa mizani yangu, inawezekana kabisa kwamba majina mawili yalikutana Karibi, la Kihispania na la Kiswahili, na kila moja likaliunga mkono jingine kwa kuwa yalisikika karibu sawa. Kudai zaidi ya hapo ni kuipenda lugha kuliko ukweli.

Ila kuna upande wa pili ambao wanaisimu walichelewa kuuona, na daktari akauona. Mwaka 1971 D. E. Carey alizirudia kumbukumbu za zamani: Batavia mwaka 1779, ambako daktari David Bylon alieleza homa ya viungo, Zanzibar mwaka 1823, India mwaka 1824, Karibi mwaka 1827, Zanzibar tena mwaka 1870. Akauliza swali jepesi. Katika dengue kama tunavyoijua sasa, mgonjwa huumwa misuli, mifupa na nyuma ya macho, kisha akipona amepona. Katika kumbukumbu hizo wagonjwa walilalamikia viungo, na maumivu yalidumu kwa wiki na miezi. Hiyo si dengue. Hiyo ni chikungunya.

Hoja ya Carey haijapata wa kuivunja kwa urahisi, ingawa damu ya wagonjwa wa 1823 haipo ya kupimwa. Ikikubaliwa, matokeo yake ni haya: ugonjwa ambao Waswahili wa Zanzibar waliuita kidingapopo katika karne ya 19 ndio uleule ambao Wamakonde waliuita chikungunya katika karne ya 20. Jina la Kiswahili, au la Kihispania lililofanana nalo, likahama likabandikwa ugonjwa mwingine, dengue ya leo, na ule wa kwanza ukabaki bila jina katika vitabu hadi Newala ilipoupa jipya. Jamii mbili za pwani na bara la kusini, zenye lugha mbili na zilizotenganishwa na miaka 80, ziliutazama mwili uleule uliokakamaa na zikautaja kwa kitu kilekile: mkazo, mkunjo.

Jamii ya tatu ilifanya hivyo pia. Mwaka 1959 homa ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda na kusambaa katika nchi za Afrika Mashariki hadi mwaka 1962, ikigusa watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, kwa maana ya kulegea na kuvunjika kwa viungo. Kirusi chake ni jamaa wa karibu sana wa kile cha chikungunya, ingawa chenyewe husambazwa na mbu wa Anopheles, walewale wa malaria. Jina hilo nalo limebaki kwenye vitabu kama lilivyotamkwa.

Mkanganyiko wa majina si wa historia peke yake. Unafika kwenye dirisha la duka la dawa. Mgonjwa wa Dar es Salaam au Mombasa anayepata homa ya ghafla hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Kipimo kikisema hakuna malaria, wengi huondoka na dawa za maumivu za kujinunulia. Na dawa inayofaa inategemea ni ipi kati ya homa hizi mbili. Dengue inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu na kusababisha kutoka damu, kwa hiyo aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa mgonjwa wake. Chikungunya haiui mara kwa mara, na baadaye, katika kipindi cha maumivu ya viungo ya muda mrefu, dawa kama ibuprofeni huweza kusaidia. Mpaka dengue iondolewe kwenye hesabu, mgonjwa apewe parasetamoli na maji ya kutosha. Homa zote mbili huletwa na mbu mmoja, zinaweza kuzuka mji mmoja mwaka mmoja, hata katika mwili mmoja. Kuziita zote kidingapopo, au kuziita zote malaria sugu kama inavyosikika mitaani, kunamnyima mgonjwa tofauti hiyo.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kumsaidia daktari kwa maelezo yaleyale yaliyokuwa muhimu Newala. Kusema mwili wote unauma hakutoshi. Aseme ni wapi: nyuma ya macho na kwenye misuli, au kwenye vifundo vya miguu na vidole vya mikono. Aseme kama anaweza kufunga vifungo vya shati, kukamua nguo, kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Aseme kama ufizi unatoka damu. Anayekuja wiki sita baadaye akisema homa ilikwisha zamani lakini asubuhi vidole havikunjuki, asiambiwe kwamba ni uzee au baridi yabisi kabla hajaulizwa kama aliugua homa kali mwezi uliopita. Maumivu hayo yanaweza kudumu miezi, na kwa baadhi ya watu miaka, hasa waliovuka umri wa kati.

Kwa wanaoandika vitabu vya afya, miongozo na mitaala kwa Kiswahili, ninaomba mambo mawili. Kidingapopo libaki jina la dengue, kwa kuwa kamusi na matumizi vimekwisha kuliweka huko na kulihamisha tena kutazidisha vurugu. Ila aya fupi ieleze lilikotoka na ugonjwa ambao huenda liliutaja kwanza. Na kila chikungunya inapoelezwa, iandikwe kwamba ni neno la Kimakonde, kutoka Newala, lililotolewa na wagonjwa na waliowauguza.